Neno Moyo katika Mchezo wa Julius Caesar

Maneno makubwa hayamtaabishi sana mfasiri. Neno la sheria au la utabibu likimshinda, hulitafuta kitabuni, na asipoliona hulieleza kwa maneno mengine, kazi ikaendelea. Taabu yake hasa imo katika maneno madogo ya kila siku, ambayo kila mtu adhani ayajua. Mojawapo ni neno la Kiingereza heart. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson hulijibu kwanza kwa neno moyo, na jibu hilo ni sahihi. Walakini usahihi wake ni kama usahihi wa ramani ya mji isiyoonyesha ila lango: atakaye kuingia ataingia, lakini hataijua njia hata moja ya ndani.

Mchezo wa William Shakespeare uitwao Julius Caesar, ulioonekana jukwaani London mwaka 1599, ni mahali pazuri pa kulipima neno hili. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, kisha akaitengeneza upya tafsiri yake mwaka 1969. Yatakayosemwa hapa si hukumu juu ya tafsiri hiyo, ambayo yastahili kupimwa peke yake, mstari kwa mstari. Ni uchunguzi wa neno lenyewe na mzigo linaomtwisha kila afasiriye mchezo huo. Maana moyo katika mchezo huu si pambo la usemi. Watu huutaja kwa mfano, na kabla ya pazia kuanguka mfano huo hulipwa kwa nyama na damu.

Kwa Mwingereza neno hili ni kwanza jina la kiungo kilichomo kifuani. Kutoka hapo limekwenda mbali sana. Ni ushujaa: Mfalme Richard wa Kwanza, aliyekufa mwaka 1199, hujulikana mpaka leo kwa jina la Moyo wa Simba. (Mswahili asingejisumbua kumpa moyo wa simba, angemwita simba, akatosheka.) Hata neno jingine la Waingereza lenye maana ya ushujaa, walilolipokea kwa Wafaransa, asili yake ni neno la Kifaransa la moyo. Tena ni mapenzi. Tena ni huruma, na mtu mkatili kwao husemwa hana moyo. Lakini msemo huo ukiletwa kwa Kiswahili neno kwa neno, msikilizaji hatafahamu ukatili hata kidogo, bali atadhani mtu huyo ni mwoga, au hana hamu ya kazi aliyopewa.

Tena ni kumbukumbu. Ajuaye shairi bila ya kutazama kitabu, kwa Kiingereza hulijua kwa moyo, na Kiswahili nacho husema hivyo hivyo. Lakini Kiswahili kina neno jingine, nalo ni kughibu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya awali ya kutokuwapo: kitabu hakipo mbele ya macho. Msemo mmoja waangalia mahali maneno yalipoingia, mwingine waangalia mahali kitabu kilipoondoka. Na mwisho ni katikati ya kitu, iwe mji, msitu au jambo. Joseph Conrad alipoiandika hadithi yake ya mwaka 1899 juu ya safari katika nchi ya Kongo, jina aliloipa lilisimama juu ya maana mbili kwa mara moja, katikati ya bara na ndani ya mtu; akiandika kiini cha giza, mfasiri huishika maana ya kwanza na kuilegeza ya pili, na akiandika moyo wa giza huwa kinyume chake. Hata karatani Mwingereza aona moyo mwekundu pale ambapo mchezaji wa pwani aona kopa, neno la Wareno lenye maana ya vikombe. Alama ni ile ile.

Kiswahili hakikuupa moyo enzi yote hii. Hapana shaka moyo una mengi: mtu hutiwa moyo, huvunjika moyo, hufa moyo, hupiga moyo konde akaikabili hatari, na kipendacho moyo ni dawa. Lakini moyo wa Kiswahili una wenzake. Maneno makali humkata mtu maini. Uchungu na chuki hukaa katika nyongo, na mpenzi asiyeachika huitwa nyongo mkalia ini, kwa kuwa viungo hivyo viwili havitengani. Kitu cha katikati kina kiini, au kitovu. Mnazi una shaha. Siri huwekwa kifuani, na asiyeweza kuihifadhi husemwa hana kifua. Juu ya wote hao yuko roho, ambaye mipaka yake na moyo haijapata kupimwa na mtu yeyote akaridhika. Roho ni uhai, maana mtu hukata roho. Ni koo, maana mtu hukabwa roho. Ni tabia, maana kuna wenye roho nzuri na wenye roho mbaya. Na ikizidi kutamani huwa uroho.

Kwa hiyo heart moja ya Kiingereza, ikivuka bahari, yaweza kuwa moyo, roho, ini, kifua, kiini, huruma, ushujaa au mapenzi. Mfasiri mwenye Kiswahili safi huona fahari kuchagua kila mara neno litoshalo mahali pake, na katika barua ya biashara au habari ya gazeti afanya vema. Katika mchezo huu njia hiyo ina hasara, na hasara yenyewe haionekani katika sentensi yoyote ikitazamwa peke yake. Yaonekana katika mchezo mzima.

Kabla ya kuitazama hasara hiyo, yafaa kukumbuka kwamba Kiingereza cha Shakespeare hakikuwa Kiingereza cha leo. Mwaka 1599 waganga wa Ulaya walikuwa wakifuata bado mafundisho ya Galen, mganga wa Kiyunani wa karne ya 2, aliyefundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini. Ilikuwa mwaka 1628 ndipo William Harvey alipochapisha kitabu chake cha Kilatini kuonyesha kuwa moyo ndio unaoisukuma damu ikazunguka mwilini na kurudi. Katika siku za Shakespeare ini lilikuwa makao ya mapenzi na ya ushujaa pia, na mwoga alisemwa ana ini jeupe. Nyongo ilikuwa hasira. Bandama ilikuwa ghadhabu, na Brutus na Cassius wanapogombana hemani, bandama na nyongo zatajwa zote mbili. Baadaye moyo uliwanyang'anya wenzake kazi zao karibu zote, na Mwingereza wa leo asomapo habari za ini katika mashairi ya zamani hana budi kutazama maelezo chini ya ukurasa. Mswahili hana haja ya maelezo hayo. Ajua nyongo ni nini, na ajua maini hukatwa na nini. Katika jambo hili tafsiri ya Kiswahili yaweza kuwa karibu zaidi na hadhira ya mwaka 1599 kuliko alivyo msomaji wa Kiingereza mwenyewe, na ni ajabu kwamba wafasiri wengi huiona lugha yao kuwa maskini pale pale ilipo tajiri.

Sasa mchezo. Asubuhi ya siku ya kuuawa kwake, Caesar awatuma makuhani watoe kafara na kuangalia dalili. Jibu larudi kwamba mnyama alipopasuliwa hakuonekana moyo ndani yake, na kwa hiyo Caesar asitoke nyumbani. Yeye aigeuza dalili: miungu yawaaibisha waoga, na kama akikaa nyumbani kwa hofu, yeye ndiye atakayekuwa mnyama asiye na moyo. Katika maneno machache kiungo kimekuwa tabia. Hapa Kiswahili chafanya kazi bila jasho, kwa kuwa asiye na moyo kwetu ni yule yule asiye na ushujaa. Mfasiri asije akajaribu kumsaidia msomaji kwa kuandika kwamba Caesar angekuwa mnyama asiye na ushujaa. Akifanya hivyo ameikata kamba kati ya kafara na mtu, na hiyo kamba ndiyo itakayomvuta Caesar mpaka barazani.

Usiku uliotangulia, Portia alimtaka mumewe amwambie kilichomo ndani yake. Brutus amwapia kuwa yeye ni mke wa heshima, mwenye thamani kwake sawa na matone mekundu yanayouzuru moyo wake wenye huzuni, na baadaye amwahidi kuwa kifua chake kitashiriki siri za moyo wa mumewe. Matone hayo huuzuru moyo kama wageni. Kwa elimu ya siku zile yalikuwa yametoka kwenye ini. Kifua katika ahadi ile ni zawadi kwa mfasiri wa Kiswahili, kwa sababu ndicho hasa chombo chetu cha siri. Lakini asiishie hapo. Asubuhi, Portia aliyekwisha kuijua siri aomba mlima usimame baina ya moyo wake na ulimi wake, naye alaumu udhaifu wa moyo wa mwanamke. Kama siri iliwekwa kifuani tu, na moyo haukutajwa usiku, mlima huo wa asubuhi hauna upande wa kusimama. Basi kifua na kiwepo, na moyo nao uwepo ndani yake.

Mahali penye uzito kuliko pote ni mashauri ya wale waliokula njama. Brutus ataka jambo moja lisilowezekana: wainuke dhidi ya roho ya Caesar, kwani roho haina damu, laiti wangeweza kuipata roho hiyo bila kuukatakata mwili. Neno la Kiingereza hapa si heart bali ni jirani yake, lile lenye maana ya roho, na mwandishi amelitumia kwa maana ya tabia, nguvu na tamaa ya utawala. Mfasiri mwangalifu ataogopa kuandika roho. Ataona kwamba kwa Kiswahili kumtoa mtu roho ni kumwua, wala hakuna maana nyingine. Kwa hiyo Brutus ataonekana kusema, tumtoe roho lakini tusimwue. Huenda akaikimbilia nafsi, au tabia, au tamaa.

Kukimbia huko ni kosa. Kile kinachomtisha mfasiri ndicho kinachosemwa na mchezo. Brutus ni mtu mwema anayetaka kuua kwa namna isiyo kuua. Ataka Caesar awe sadaka, asiwe mzoga. Kwa Kiingereza yambidi asikitike mwenyewe, katika maneno yanayofuata, kwamba Caesar hana budi kutokwa damu. Kwa Kiswahili sentensi yake yajipinga yenyewe mara itokapo kinywani, na hadhira imekwisha kujua asilotaka kulijua msemaji. Ni mara chache lugha ya pili humzidi mtunzi wa kwanza katika jambo alilokuwa akilitafuta yeye mwenyewe, hapa imemzidi. Na faida hiyo yarudi tena karibu na mwisho, pale mzuka wa Caesar unapomtokea Brutus usiku na kujitaja kuwa ni roho yake mbaya. Wako watakaosema pepo lingefaa zaidi, na kwa maana ya kamusi lingefaa. Lakini mwenye roho mbaya kwa Kiswahili ni mtu, si pepo, na Brutus akiambiwa kuwa roho yake mbaya imekuja kumtazama, maneno hayo yaingia mahali ambapo pepo lisingefika.

Antony ajua kuutumia moyo kuliko wote, na yeye ndiye mfanya biashara wa neno hili. Mbele ya maiti acheza na maneno mawili ya Kiingereza yanayotamkwa sawasawa, moja likiwa moyo na jingine ayala dume. Caesar ni ayala aliyewindwa na kuangushwa, dunia ilikuwa msitu wake, naye alikuwa moyo wa dunia. Mchezo huo wa sauti haufasiriki. Wako wafasiri wanaojitesa kutafuta maneno mawili ya Kiswahili yanayofanana ili wasionekane wameshindwa, wakapata kichekesho mbele ya maiti. Heri kuiacha sauti ipotee na kuyatunza mawindo, maana wawindaji wamesimama pale pale na mikono yao ina damu.

Barazani, mbele ya umma, Antony anyamaza kidogo kwa kuwa moyo wake, asema, umo jenezani pamoja na Caesar, na yampasa angoje mpaka umrudie. Baadaye awaambia hakuja kuiiba mioyo yao, na wakati huo huo aiiba. Aeleza jinsi moyo mkuu wa Caesar ulivyopasuka alipomwona Brutus miongoni mwa wachomaji. Hapa ndipo mfasiri mwenye kuchagua maneno mazuri hufanya madhara makubwa. Ataandika kwamba Antony amezidiwa na huzuni. Kwamba hakuja kuwapotosha. Kwamba Caesar alivunjika moyo. Hakuna Kiswahili kibaya katika maneno hayo matatu. Lakini kuvunjika moyo ni jambo la mwanafunzi aliyeshindwa mtihani, na Caesar wa Antony amekufa kwa jeraha la ndani ambalo hakuna kisu kilichofika. Antony auonyesha umma joho lililotobolewa, tundu moja baada ya moja, kisha auonyesha tundu lisiloonekana. Wasikilizaji wakishindwa kuusikia moyo wa jenezani, na moyo ulioibwa, na moyo uliopasuka, kuwa ni moyo mmoja, hawatafahamu kwa nini mji uliwaka moto.

Yaweza kupingwa kwamba Kiswahili hakipendi neno moja lirudiwe rudiwe, na kwamba msomaji atachoka. Yategemea. Mashairi ya pwani hurudia neno kwa makusudi, na msikilizaji hungoja lirudi kama mtu angojaye wimbi. Kinachochosha ni neno lirudilo bila ya kubeba kitu kipya. Moyo wa mchezo huu kila urudipo huja umebeba kitu.

Katika ugomvi wa hemani, Cassius aliyelaumiwa kwa kunyima dhahabu afungua kifua chake, amtolea Brutus jambia na kumwambia autoe moyo wake, ulio na thamani kuliko dhahabu; yeye aliyenyima fedha atatoa moyo. Ni kilele cha majivuno, nacho humfanya Brutus acheke na kupatana naye, wakapeana mikono, na mioyo pia. Wasomaji wa karne nyingi waliyaona maneno hayo kuwa mfano mtupu, kwani ni nani atoaye moyo wake akampa mwingine? Tangu Desemba 1967, pale Christiaan Barnard alipoutia moyo wa maiti katika kifua cha mgonjwa aliye hai huko Cape Town, jibu la swali hilo limebadilika, na kijana wa leo asomaye mahali hapo aweza kuuona mwiko na kisu kuliko wazee wake walivyouona. Lakini Shakespeare hakuhitaji tabibu. Jambia lilikuwa mkononi.

Na silaha yaja. Katika uwanja wa Philippi, Cassius amwamuru mtumwa wake amchome kifuani kwa upanga ule ule uliopita tumboni mwa Caesar. Rafiki yake Titinius amkuta amekufa, auchukua upanga wa Cassius na kuuambia uutafute moyo wa Titinius. Hapo mfano umekwisha. Moyo uliotolewa kwa maneno hemani umefikiwa na chuma, na neno ni lile lile lililoanza kwa mnyama aliyepasuliwa asionekane nalo. Mfasiri aliyeandika ushujaa katika tendo la pili, huzuni katika la tatu na mapenzi katika la nne, afikapo hapa atalazimika kuandika moyo kwa kuwa upanga haupiti katika huzuni, na neno hilo litawafikia wasikilizaji kama mgeni asiye na jamaa.

Baada ya hapo liko jambo dogo, nalo huachwa mara nyingi. Brutus, jeshi lake limeshindwa, awaaga rafiki zake na kusema moyo wake wafurahi, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuona mtu asiyekuwa mwaminifu kwake. Ni rahisi kuandika kwamba Brutus afurahi, na maana haitapungua hata chembe. Lakini moyo ukitajwa, hadhira itausikia mara ya mwisho kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa wa kwanza kutaka kuitenga roho na mwili; kisha Strato atageuza uso wake, ashike upanga, na Brutus atauendea mbio.